Waya wa Kijani na Mkono wa Mama Julienne

Aliyenikosa wiki iliyopita asihangaike. Misiba yangu haina haraka, humngoja msomaji. Nilifukuzwa chumba Isipingo, hapa Durban, kwa kosa la kumwambia mwenye nyumba kwamba mita yake inasema uongo. Nikapata kibanda cha uani Morningside, nyuma ya nyumba aliyopanga Papa Alain, Mkongo wa Bukavu mwenye sauti ya mtu anayehutubia uwanja hata akiomba chumvi. Humo ndani nikamwona Laetitia, mdogo wa mkewe, na mahesabu yangu mengi yakaharibika.

Kisha ndugu wa Papa Alain aliyeko Ubelgiji akamtumia kompyuta kumi na moja zilizokwisha kutumika, naye akaamua kufungua shule ya kompyuta sebuleni.

Kumi na moja zikabaki kumi. Hardy, mpwa wa Papa Alain na fundi wa kila kitu, aliona nyuma ya mashine moja kitufe chekundu chenye namba mbili, 230 na 115. Akakisogeza kwenye 115 "ili ikule courant nusu," yaani umeme nusu. Ilipochomekwa ukutani, penye 230, ikalipuka kama fataki. Hapo ndipo nilipowaacha, moshi ukiwa bado sebuleni.

Moshi ulipotoka, Papa Alain alinifuata kibandani.

"Gadiel, mwanangu. Wewe umesoma umeme."

"Nimesoma, Papa."

"Na unamtaka Laetitia."

Sikutegemea hoja hizo mbili zikae jirani.

"Ninamtaka, Papa."

"Bon. Hapa Durban baba yake ni mimi. Sasa sikiliza. Jumamosi Pasta Ezekieli anakuja kubariki shule. Wageni iko, wanafunzi iko, kompyuta kumi zote zinawaka. Kama courant haikatiki mpaka pasta aseme Amina, mzee wako aje, tukae, tuongee. Kama inakatika mbele ya watu..."

"Kama inakatika?"

"Mtu anashindwa kulinda courant ya sebule, atalinda binti ya watu?"

Nilikaa nikapiga hesabu. Kompyuta kumi pamoja na monita zake hazikuzidi wati elfu mbili. Sakiti ya soketi za sebuleni iliweza kubeba mara mbili ya hapo na zaidi. Tatizo lilikuwa saluni. Mama Julienne, mke wa Papa Alain, alitengeneza nywele za watu verandani, na draya zake mbili na birika lake la umeme vilikuwa kwenye sakiti hiyohiyo. Nikavihamishia kwenye soketi za jikoni, zenye sakiti yake. Karatasini kila kitu kilikaa sawa.

Ijumaa mchana tukajaribu. Tuliwasha moja baada ya nyingine, kwa maana pawasaplai za kompyuta, vile visanduku vya kupokelea umeme, zikiwashwa zote kwa mpigo hugugumia umeme kwa pupa. Saba zikawaka vizuri. Nilipobonyeza ya nane, nyumba nzima ikanyamaza, na draya za Mama Julienne zikafa zikiwa vichwani mwa wateja.

"Eish!" alisema Hardy. "Profesa, hesabu imelala."

Hesabu haikuwa imelala. Nilifungua kabati la umeme la kwenye ujia, Laetitia akanishikia tochi. Breka ya sebule, ile inayokata mzigo ukizidi, ilikuwa imesimama palepale. Kilichoanguka ni swichi nyingine, ile kubwa ya kupima umeme unaovuja. Kazi yake ni moja: umeme uliotoka usiporudi wote, inakata. Mimi huiita mlinzi.

"Kila pawasaplai ya kompyuta," nilimweleza Laetitia, "huvujisha umeme kidogo sana kwenda ardhini. Unapitia waya huu, wa kijani wenye mstari wa njano. Si ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa. Moja haina neno. Saba hazina neno. Ukiweka kumi, ukaongeza na draya kuukuu za dada yako, vijito vinakuwa mto. Mlinzi anakata."

"Kwa hiyo anayeleta shida ni huyu wa kijani."

"Ndiye."

"Asingekuwepo, courant isingekatika."

"Isingekatika."

Kila nililosema lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili sikuifikia, kwa sababu Laetitia aliinua uso akanitazama juu ya mwanga wa tochi, nikasahau nilikuwa naelekea wapi.

Nilikwenda verandani kwanza kujaribu njia fupi.

"Mama Julienne, kesho pasta akiwa anaomba, naomba draya zipumzike kidogo."

"Jumamosi?" Alicheka mpaka mteja wake akacheka. "Niambie wateja waende ibada na nywele za maji? Beau-frère, shemeji yangu, heri unizimie jua."

Ikabaki njia ndefu. Kibanda changu kina kabati lake dogo la umeme, na mlinzi wake. Nilikuwa na waya mrefu wa kazi, mnene, wa rangi ya machungwa, wa kuvuta umeme mbali. Nikaupitisha dirishani, ukavuka ua, ukaingia sebuleni. Niliunyoosha wote, kwa maana waya mrefu ukiachwa umeviringwa hujipika wenyewe. Kompyuta sita zikabaki kwa mlinzi wa nyumba, nne zikaenda kwa mlinzi wa kibanda.

Tukawasha zote kumi, draya zikivuma. Hakuna kilichokatika hadi tulipochoka kungoja. Laetitia alipiga makofi peke yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na zamu Mobeni, kiwandani. Kabla sijatoka nilisimama mlangoni nikatangaza:

"Jamani, mpaka nirudi, Hardy asiguse kompyuta yoyote."

"Sharp, Profesa," alijibu Hardy, mkono kifuani kama anaapa mahakamani. "Kompyuta sigusi."

Niliporudi mchana sebule ilikuwa imependeza. Viti vilikuwa vimepangwa. Kutoka dirisha hadi dirisha lilining'inia bango la kitambaa, KARIBUNI CENTRE LUMIÈRE, yaani Kituo cha Nuru, likiwa limefungwa kwa kamba nene yenye mafundo ya uhakika. Nikasema moyoni, kumbe Hardy akitaka anaweza kufanya kazi imara.

"Beau-fils!" Papa Alain alinipokea kwa jina ambalo hakuwahi kuniita. "Angalia! Kumi zote! Tangu asubuhi courant haijatikisika hata kidogo!"

Kweli, monita kumi zilikuwa zinawaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye simu ya ujiani, nikampigia baba mdogo Cyprian, mwenye duka Isipingo.

"Baba mdogo, vaa suti. Njoo leo."

"Leo? Si ulisema kesho?"

"Ngojangoja huumiza matumbo. Papa Alain ameshaniita mkwe."

Nilipiga simu kabla ya kupima. Mtu wa kazi yangu hana udhuru kwa kosa hilo, na siombi.

Nilirudi sebuleni, nikapitisha mgongo wa kidole kwenye bati la kompyuta ya kwanza. Likanitekenya, kama ulimi wa paka.

Nikatazama dirishani. Waya wangu haukuwepo. Mashine zote kumi zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi za nyumba, na mlinzi hakuwa na habari.

Nikainama kwenye plagi ya karibu. Skrubu yake ilikuwa imekwaruzwa, si kwa bisibisi. Na kando ya mkwaruzo palikuwa na alama ya rangi ya kucha, nyekundu. Sikuhitaji kuifungua kujua kwamba ndani yake waya wa kijani umeng'olewa.

Laetitia alikuwa anapanga vikombe. Kucha zake zilikuwa nyekundu, isipokuwa moja, iliyovunjika. Alinikonyeza.

Mambo yalikuwa wazi. Nikisema, lazima umeme uzimwe, na sharti la Papa Alain livunjike. Nikinyamaza, mabati ya kompyuta yangebaki na umeme usio na pa kwenda. Na kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa kwa waya wa mtandao wenye ganda la chuma, mabati kumi yalikuwa bati moja.

Nikajipa hoja. Sakafu ni ya mbao, kavu. Watu wamevaa viatu. Kutekenywa hakujaua mtu. Hatari ni moja tu: mkono mmoja kwenye bati na mwingine kwenye kitu kilichofika ardhini. Ndani ya nyumba ile kitu cha namna hiyo kilichokuwa karibu kilikuwa bomba la sinki la Mama Julienne, pale mlango wa veranda unapofunguka sebuleni.

Basi nikaamua kwenda kulilinda bomba.

"Beau-frère, umekuja kuosha nywele?" aliuliza Mama Julienne. Alikuwa anamwosha mteja anayeitwa Grâce, kichwa kikiwa kimejaa povu.

"Napunga hewa, Mama."

"Hewa ya shampoo?"

"Ni nzuri sana."

Huko sebuleni mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba mashine inamng'ata ng'ata. "Ni nguvu ya Ubelgiji," Hardy alimwambia. "Utazoea."

Pasta Ezekieli akafika, mtu mrefu, mpole, mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Aliomba kwa utulivu. Kisha akaweka kiganja juu ya kompyuta ya kwanza. Akakiondoa. Akakirudisha.

"Ndugu zangu," alisema taratibu, "hapa kuna kitu. Mkono wangu unapokea."

"Amen!" Papa Alain alinguruma.

"Hii si Amina ya mwisho," nikajisemea, nikihesabu.

"Wenye nyumba, tushikane mikono," alisema pasta. "Asibaki mtu nje."

Pasta alibaki na mkono mmoja kwenye bati, wa pili akampa Papa Alain. Papa Alain akamshika Hardy, Hardy akamshika Laetitia, na Laetitia, akitabasamu, akanyoosha mkono wake mpaka mlangoni, akanishika mimi.

Huo ulikuwa mkono wangu wa kulia. Wa kushoto nikauficha mgongoni.

"Na Mama Julienne?" aliita pasta. "Mama wa nyumba tunamwacha peke yake?"

"Nina povu, Pasta!"

"Mungu haogopi povu. Kijana, mshike mama."

Mama Julienne alikuwa ameegemea bomba kwa mkono mmoja. Akaninyooshea wa pili, unachuruzika maji.

"Pasta," nilisema, "mimi naomba niishie hapa."

Wageni wote wakageuka. Papa Alain akafumbua macho.

"Unakataa mkono wa mke wangu? Mbele ya maombi?"

"Sikatai, Papa, ila..."

"Anaogopa maombi!" alisema Hardy kwa furaha kubwa. "Profesa iko na mambo yake!"

Mama Julienne hakungoja mjadala uishe. Akaupata mkono wangu wa kushoto mgongoni, akaushika.

Ilikuwa kama siafu wametutembelea wote kwa wakati mmoja. Watu sita tuliruka. Papa Alain alikwenda kukaa juu ya kiti ambacho hakikuwa chake. Hardy aliita mama yake. Mama Julienne alirudi nyuma akamwagia Grâce maji shingoni.

Kisha nyumba ikalipuka kwa shangwe.

"Haleluya!" Papa Alain alisimama, machozi machoni. "Mliona? Mliona? Kutoka kwa pasta mpaka verandani!"

"Nimeona," alisema pasta kwa sauti ndogo, akikitazama kiganja chake.

Mlinzi alikuwa bado amesimama. Umeme uliopita mwilini mwetu ulikuwa kidogo mno kumwamsha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kule kuruka.

Na hapo, kutoka ndani ya sinki, ikatoka sauti ya kulalamika.

"Mbona mimi sijapata?"

Alikuwa Grâce. Aliinuka, povu likishuka mabegani, miguu mitupu kwenye saruji ya veranda, mikono imelowa hadi viwiko.

"Dada hajapata!" wageni walisema. "Aje aguse mwenyewe!"

"Njoo, binti," alisema Papa Alain, akimpisha njia. "Mkono moja kwenye bomba, kama Mama Julienne alikuwa, mkono moja kwenye mashine. Pasta, mara ya pili, kwa nguvu!"

Sisi tulikuwa sita, tukagawana. Na miili yetu, mmoja baada ya mwingine, iliupunguza ule umeme. Grâce angekuwa peke yake, amelowa. Hapo hesabu yangu ya awali iliishiwa maana, na Laetitia pia akatoka ndani yake kwa muda.

Nilikimbia ujiani, nikafungua kabati, nikashusha swichi kuu.

Monita kumi zikafa. Draya zikafa.

"Courant imekatika," alisema Papa Alain taratibu.

"Haijakatika, Papa. Nimeizima mimi."

"Kabla ya Amina?"

"Kabla ya Amina."

Nilichukua bisibisi yangu, nikafungua plagi moja mbele yao, nikawaonyesha nyaya mbili zilizofungwa na ya tatu, ya kijani, imekunjwa pembeni kama mkia.

"Kijana," aliuliza pasta, "unasema ile haikuwa Roho?"

"Nasema palikuwa na volti kama mia na kumi, Pasta. Mengine sina kipimo chake."

Alinitazama, kisha akakitazama tena kiganja chake, na mdomo wake ukacheza kidogo. "Jibu lina adabu," alisema.

Papa Alain hakuwa na nafasi ya adabu. "Nani alifungua plagi zangu?"

Macho yote yakamwendea Hardy.

"Musiniangalie mimi!" Hardy aliinua mikono. "Angalieni hiyo skrubu. Mimi napaka kucha?"

Wageni wakainama kuitazama skrubu. Wakainuka wakizitazama kucha za kila mwanamke aliyekuwepo.

"Ni mimi," alisema Laetitia. "Gadi mwenyewe aliniambia. Waya wa kijani asingekuwepo, courant isingekatika. Sikutaka ikatike. Nilifanya kwa ajili yake."

"Ulimwambia?" Papa Alain alinigeukia.

"Nilimwambia," nikajibu. "Sikumaliza. Waya wa kijani ndio unaouonyesha umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini bila kupita kwa mtu. Ukiung'oa, umeme hauachi kuvuja. Unangoja tu mtu aje awe waya."

Mama Julienne alijifuta mikono kwenye aproni, polepole sana.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa waya," alisema.

"Sote, Mama."

"Na ulijua ulipokuwa unapunga hewa ya shampoo?"

Nikaigeuzageuza ile plagi mkononi. Sikuwa na takwimu za kunisaidia.

"Hodi!" ikaita sauti mlangoni. "Hodi wenye nyumba!"

Baba mdogo Cyprian aliingia na suti ya kahawia, kreti ya soda begani. Hakuona nyuso za watu. Alikuwa ameikariri hotuba yake njia nzima kutoka Isipingo, akaogopa ikimwagika haitazoleka.

"Sisi ni wapita njia," alianza. "Kijana wetu anakula vya baridi. Tumesikia katika nyumba hii jiko linapatikana."

"Jiko?" alisema Papa Alain. "Mzee, hapa kila kitu kimezimwa. Na aliyezima ni huyo kijana yako."

Baba mdogo alishusha kreti. Alinitazama mimi, akamtazama Grâce na povu lake, akaimeza hotuba iliyobaki. Ni mtu mwenye busara.

Papa Alain alizunguka sebule yake mara moja. Akasimama mbele ya pasta.

"Pasta, ile Amina ulishasema?"

"Ya mwisho bado."

"Na courant ilikatika, ama ilizimwa?"

"Ilizimwa," alisema pasta. "Na aliyeizima amemnusuru binti yule. Tusilisahau hilo."

"Bon." Papa Alain alivuta kiti kimoja, akakiweka katikati, akaninyooshea kidole. "Neno yangu iko vile vile. Rudisha waya zote za kijani. Washa kumi, na draya za mke wangu. Tunamalizia maombi. Kama inakaa mpaka Amina, mzee huyu atakaa kwenye kiti hiki, tuongee. Kama inakatika, anarudi Isipingo na soda yake, na wewe unatafuta kibanda kingine."

Sharti hilo lilikuwa linawezekana kabisa. Tulilipima Ijumaa. Sita kwa mlinzi wa nyumba, nne kwa mlinzi wa kibanda.

"Inawezekana, Papa," nilisema, nikiwa nimeshafungua plagi ya pili. "Kila kitu kipo. Laetitia, niletee ule waya wangu mrefu, wa rangi ya machungwa."

Laetitia hakusogea.

"Gadi, si ndiyo sababu nilifungua plagi? Asubuhi nilikuta zile nne zimezimika. Waya wako haupo. Nikazirudisha ukutani, courant ikakatika, na wewe uko Mobeni. Ningefanya nini?"

"Haupo? Ulikwenda wapi?"

Hardy alikohoa.

Pasta Ezekieli alikuwa ameinua uso, akilisoma bango neno kwa neno, kama wageni wanavyofanya wakikosa la kutazama. Nikafuata macho yake. Karibuni. Centre. Lumière. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikaitazama kamba.

Ilikuwa ya rangi ya machungwa. Ilikatwa vipande vipande, na kila kipande kikafungwa fundo la uhakika. Na kwenye kila ncha, shaba ilikuwa inameta.

"Profesa," alisema Hardy kwa upole, "ulisema nisiguse kompyuta. Kamba hukuitaja."

Baba mdogo Cyprian, ambaye hakuelewa lolote, alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti.